Bakuli la Aliye Njiani

Hirata, tarehe 9 Desemba

Shikamoo Dada Mitsuyo,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali penye joto, na goti lako limekupa nafuu tangu tulipoongea. Shemeji Tetsuro naye hajambo? Mwambie chai aliyotuma ilifika salama, na nimeinywa karibu yote kabla sijakumbuka kushukuru. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, sauti imerudi, na mtu mwenye kazi ya kusema akishapata sauti hana cha kulalamikia. Figili nimezianika chini ya paa kama alivyokuwa akifanya Mama, zikikauka nitakutumia.

Huku baridi imeshuka. Upepo wa magharibi umevuma siku nne mfululizo, bahari imetupa mwani mwingi ufukweni, kwa hiyo wazee wanasema miungu ya nchi nzima imeshawasili. Ninyi huko Nagoya miungu imewaacha mwezi mzima. Sisi huku Izumo tunaipokea, pamoja na wageni wanaoifuata, na mabasi hayatoshi.

Dada, nina jambo. Unanijua siwezi kwenda moja kwa moja, miaka thelathini na sita ya kuzungusha watu imeniharibu. Nivumilie nikupitishe pote tulipopita, kwa sababu nikianza na mwisho utaichana barua hii kabla hujafika ninapotaka ufike.

Wiki iliyopita nilipewa safari ya siku tatu. Ni ile ile ya kila mwaka: vilima vya mchanga vya Tottori, hekalu la Sungura Mweupe, ngome ya Matsue, Hekalu Kuu la Izumo, mnara wa taa wa Hinomisaki, kisha tunarudi Matsue wageni wapande treni. Dereva alikuwa Bwana Fukuma, yule anayetafuna peremende za tangawizi kutwa nzima. Wageni walikuwa thelathini na mmoja, wastaafu karibu wote, kutoka upande wa Tokyo. Katika orodha kulikuwa na mzee mmoja wa Kawasaki aliyekuja peke yake, umri miaka themanini na nne, jina lake Haga Zenkichi. Jina la Zenkichi lilinigusa kidogo nikapita. Wazee wa jina hilo nimewabeba wengi.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, na alizungumza Kitokyo safi, kile cha kwenye redio. Alikaa kiti cha tatu dirishani. Pembeni yake nilimweka mama mmoja mjane, Bi Horikiri, mwanamke wa mdomo usiofungwa. Hata kabla hatujafika kwenye mchanga alishamuuliza mzee wa watu amezaa wangapi, anatumia dawa gani, na kwa nini hataki kula machenza aliyompa. Mzee alimjibu yote isipokuwa la watoto.

Kwenye vilima vya mchanga Bi Horikiri alipanda ngamia, akapiga kelele hadi ngamia mwenyewe akageuka kumtazama. Alipoteremshwa akamwambia mzee, "Wewe umesimama tu hapo kama umekuja kukagua mchanga! Panda basi, upigwe picha, wajukuu wakuone!" Mzee akamjibu kwamba mchanga ule aliwahi kuuona. Nilidhani anamaanisha kwenye televisheni.

Jambo la kwanza lilitokea kwenye hekalu la Sungura Mweupe. Unajua kwamba pale mtu akiomba ni makofi mawili, kama karibu kila mahali nchini. Manne ni yetu sisi wa Izumo. Sidhani umesahau aibu iliyokupata mwaka wako wa kwanza ukweni, ulipopiga manne mbele ya watu na mama mkwe wako akadhani unamwita mtumishi. Basi, wageni wangu walipiga mawili kama nilivyowaambia, wakashusha mikono. Mzee Haga alikuwa ameinama peke yake pembeni, akapiga moja, mbili, tatu, nne. Alipofungua macho akaniona namtazama, akavuta kofia yake chini na kusema kwamba uzee unamsahaulisha kuhesabu. Nilicheka naye. Moyoni nikasema huyu ni mtu wa kwetu, anajificha nini?

Sikulala na wazo hilo. Tunabeba watu wa kila namna, na wapo wanaoona haya kusema wametoka mashambani.

Siku ya pili, baada ya ngome, tukashika barabara ya kaskazini ya ziwa, ile inayopakana na reli ndogo. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, mlima kulia. Nilisimama mbele nikiwaelekea wageni, nikataja vituo vya treni kimoja baada ya kingine. Mzee alikuwa amegeukia dirishani, na midomo yake ilikuwa ikitaja vituo kabla yangu. Hakutoa sauti, lakini nimesoma midomo ya abiria miaka yote hii. Hakukosea hata kimoja.

Hapo nikavurugika, na nikafanya kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanagenzi. Unakumbuka tulivyofanya mazoezi kwenye kizingiti? Wewe ulijifanya abiria, mimi nikawa nakuelekea na kijiko cha mbao kuwa kipaza sauti. Nikisema kulia natakiwa kuinua mkono wa kushoto, kwa sababu kulia kwa abiria ni kushoto kwangu. Kila nikikosea ulinizomea, "Kulia kwa nani? Kwako au kwangu?" Siku hiyo nilisema, kulia kwenu, juu mlimani, mnaona hekalu la kuombea macho. Nikainua mkono wa kulia. Basi zima likageuka kutafuta hekalu ziwani. Bwana Fukuma akasema bila kugeuka, "Leo hekalu limeoga," na watu wakaangua kicheko.

Katikati ya kicheko kile Bi Horikiri akawa anauliza, ni wapi, ni wapi sasa, tuangalie wapi? Mzee Haga akamwambia, "Kulia, mama. Mkono wa ziwa."

Bi Horikiri akamshangaa. "Mkono wa ziwa? Mzee, ziwa si hili hapa kushoto? Wewe na huyu mwongozaji nani kawapotosha?"

Mzee akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala gotini, akaufunika na ule mwingine.

Dada, nilishika kile chuma cha kushikilia nikasema kwa kipaza sauti kwamba naomba radhi. Nadhani nilisema hivyo. Mkono wa ziwa ni neno la meza yetu. Tulipokaa kula tulielekea kaskazini, ziwa likawa upande wa mkono wa vijiti, yaani kulia, na ghala likawa upande wa bakuli. Tulifundishwa hivyo kabla hatujajua kwamba kuna watu wengine duniani wanaosema kulia na kushoto. Waliowahi kulisema neno hilo walikuwa watano. Bibi amekufa, Mama amekufa, mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na wewe uko Nagoya.

Sura ya huyo wa tano nilikuwa siikumbuki, na hilo limenitia aibu. Nilimtazama siku nzima ya kwanza, nikamchagulia kiti, nikamshika kiwiko akiteremka, bila kuhisi chochote. Nilikuwa na miaka sita alipoondoka. Wewe ulikuwa na kumi na mmoja, naamini wewe ungemjua kwa mgongo tu. Baadaye nilikumbuka kwamba Mama aliwahi kunitajia Haga, jina lake la kabla hajaletwa katika nyumba yetu na kupewa letu.

Najua unalotaka kusema. Ulilisema siku ya mazishi ya Mama, binamu alipouliza kama kuna habari zozote, ukamjibu mbele ya watu wote kwamba Baba alikufa kabla ya Mama, tena kitambo. Nilikuwa nyuma yako nimebeba maua. Sikukukanusha, na hata leo sikulaumu.

Tulipita Hirata bila kusimama. Nilisoma maneno yangu ya kila siku kuhusu mtaa wa pamba na maghala ya mchuzi wa soya, sauti ikanitoka nzima, kazi hii inafundisha hivyo. Yeye hakuinua uso mpaka tulipopita daraja.

Kwenye Hekalu Kuu niliwaambia wageni mara tatu, hapa ni makofi manne, tafadhali, manne. Wote thelathini wakapiga manne. Baba akapiga mawili, akashusha mikono. Bi Horikiri akamkaripia, "Jana ulipiga manne pasipotakiwa, leo yanatakiwa unapiga mawili, wewe mzee una ubishi gani?" Akajibu kwamba yeye ni mgeni, hajui taratibu za huku. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na bendera yangu ya njano. Mzaliwa wa Izumo, mbele ya hekalu alilobebwa mgongoni kuletwa akiwa mchanga, anasema hajui taratibu za huku. Nilikasirika, Dada. Nilikasirika kwa ajili yako na ya Mama. Kisha nikaona shingo yake imetetemeka kwa lile kofi la pili, kama mtu aliyejizuia kwa nguvu asipige la tatu, na hasira ikaniponyoka.

Ndipo nilipoelewa safari yake. Hakuwa na uso wa kurudi mwenyewe. Kwa hiyo alijiandikisha kama mtalii, akavaa beji ya wageni, akaketi kati ya watu wasiomjua ili aonyeshwe kwao kwa kipaza sauti, na mtu yeyote asimuulize alikuwa wapi.

Siku ya tatu asubuhi tulikwenda kwenye mnara wa taa. Wenzake walipanda zile ngazi mia na kitu, Bi Horikiri akiwa mbele akihesabu kwa sauti. Mzee alibaki chini kwenye benchi na mimi nikabaki naye, maana sheria yetu inasema mgeni mzee asiachwe peke yake. Upepo ulikuwa mkali. Aliniuliza, bila kunitazama, kama pale Hirata, kwenye mtaa wa pamba, bado kuna nyumba moja ya kutia rangi ya nili, ya ukoo wa Kadowaki. Kwenye beji yangu pameandikwa Fusae tu, kampuni yetu haiandiki majina ya ukoo. Sijui kama alikuwa amenijua. Nikamjibu kama ninavyomjibu mgeni yeyote anayeuliza kabla ya wakati: nitaeleza tutakapofika. Akasema vizuri, atasubiri.

Tukarudi kwa barabara ile ile ya jana yake, safari hii tukielekea mashariki. Nilimwinamia Bwana Fukuma nikamwomba asimame Hirata robo saa, wageni wanunue peremende za tangawizi. Akasema haimo kwenye ratiba. Nikamwambia wewe ndiye mlaji mkubwa wa peremende hizo katika mkoa mzima, utakataa? Alinitazama kwenye kioo, akaacha utani, akasema atasimama.

Ziwa likatokea mbele. Dada, ukitokea magharibi ziwa liko kulia. Nikainua mkono wa kushoto, uliostahili, nikasema: "Wageni wangu wapendwa, kulia kwenu. Mkono wa ziwa."

Bi Horikiri akasema, "Ahaa! Leo ndiyo mmepatana!" Baba alivua kofia yake.

Yaliyofuata nilisema hivi, na nakuandikia yote kwa sababu una haki ya kuyajua neno kwa neno:

"Mtaa tunaouingia sasa hauelezwi kwenye vitabu vyenu vya safari. Hapa paliishi mama mmoja aliyetia nguo rangi ya nili, mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Mume wake aliletwa katika nyumba hiyo na akapewa jina la nyumba, maana hapakuwa na mtoto wa kiume. Mwaka wa theluji kubwa yeye ndiye aliyeachiwa moto wa kupasha mitungi ya rangi. Nili ni kitu hai, wageni wangu, ikipoa inakufa. Theluji ikaziba barabara, mkaa ukaisha, akachoma mpaka viatu vyake vya mbao, na mitungi yote minane ikafa. Mama mkwe akamwambia aondoke. Hakuna aliyemtetea, hata mke wake. Mke wake alilijutia hilo mpaka alipofumba macho, na nimelisikia kwa masikio yangu. Binti mkubwa alimkimbilia baba yake mpaka kituoni akiwa na mwavuli. Baba akamwambia atarudi nili ikichanua. Povu linapopanda juu ya mtungi uliopona, sisi husema nili imechanua. Ilichanua mwezi wa nne mwaka ule ule, na imechanua mara nyingi tangu hapo.

"Mama yule alifariki miaka mitatu iliyopita. Amelazwa nyuma ya hekalu lile lenye mti wa majani ya njano, safu ya tatu, karibu na ukuta. Binti mdogo anaishi bado katika nyumba ile, na riziki yake anaipata kwa kupiga domo. Binti mkubwa yuko mbali, ameolewa vizuri, ana watoto. Nyinyi wa mjini labda mmeshaisahau desturi hii: mtu akiwa safarini, nyumbani huwekewa bakuli lake mezani, ili asione njaa huko aliko. Kisha hufunuliwa kifuniko. Kikiwa na matone kwa ndani, aliye njiani ni mzima. Binti mkubwa huweka bakuli hilo kila mwaka mpya. Kila mwaka hufunua kifuniko. Hajaacha hata mwaka mmoja."

Bi Horikiri alikuwa analia waziwazi na hakujua analilia nini. Baba alikuwa ameinua uso, kofia ameishika kwa mikono miwili, ananitazama.

Bwana Fukuma alisimama. Wageni walikwenda dukani, Baba akakata kona ya hekalu. Sikumfuata. Nilisimama mlangoni mwa basi nikatazama saa, robo saa ikapita, ikapita na zaidi, na Bwana Fukuma hakuwasha injini. Aliporudi, suruali yake ilikuwa na matope magotini. Bi Horikiri akamrukia, "Mzee! Umeanguka wapi? Hebu njoo hapa!" Akatoa kitambaa akampangusa kama mtoto, na Baba akasimama akapanguswa.

Kituoni Matsue niliwaaga wageni mmoja mmoja kama kawaida. Yeye alikuwa wa mwisho. Siku tatu nzima alikuwa amesema Kitokyo. Pale akasema "dandan", Dada, asante ya kwetu, kwa sauti ile nzito ya wazee wa Hirata. Kisha akasema kwamba nikimwona yule binti mkubwa wa kwenye hadithi yangu, nimwambie kuwa aliye njiani hakulala na njaa hata siku moja. Alikuwa akijiuliza miaka yote kwa nini, hata kwenye mabweni ya vibarua, hata mwaka alioumia mgongo, daima alitokea mtu wa kumpa chakula. Sasa amejua kilikuwa kinatoka wapi. Akainama chini sana mpaka kofia ikaanguka, Bwana Fukuma akamwokotea. Hakuniita kwa jina, wala mimi sikumwita Baba. Nilipunga bendera yangu ya njano mpaka treni ikatoka.

Sasa tumefika, Dada.

Wewe na mimi tunajua nini kilitokea kwa lile bakuli. Aliyekuwa akiliweka ni Mama. Bibi alimcheka akisema supu ya moto lazima itoe matone, ni upumbavu gani huo. Mama alijua. Ndiyo maana aliichemsha mpaka ikafurika, kisha akaifunika haraka, kifuniko kisije kikakauka mbele yetu. Mwaka wa pili, siku ya mwaka mpya, ulisimama ukalichukua bakuli, ukalimwaga uani kwenye theluji, ukasema asiwekewe tena mtu ambaye hayupo. Mama hakukupiga. Aliokota kifuniko akakiosha, na bakuli halikurudi mezani tena. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwavuli ule ulirudi nao kutoka kituoni kwa sababu hakuuchukua. Sikuwahi kukuona na kosa. Sikuoni nalo leo.

Lakini nilimsamehe kwa kinywa chako. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Ningeweza kusema kwamba binti mdogo ndiye anayeweka bakuli, ungekuwa uongo wangu mwenyewe na ningeubeba. Nilipofika kwenye maneno ya mabinti nilimwona ameinua uso, na hakuwa akinisubiri mimi. Niliposema binti mdogo aliitikia kwa kichwa, kwa upole. Niliposema binti mkubwa aliacha kupumua. Iliniuma kidogo, nakiri. Wewe ndiye uliyemkimbilia. Msamaha wangu usingemfaa kitu, basi nikachukua wako bila kukuomba, nikampa.

Na sasa kuna mzee Kawasaki anayekula chakula chake akiamini ni wewe uliyemlisha miaka hamsini na mbili. Ukitaka kumwambia si kweli, unaweza. Kampuni inatukataza kunakili anwani za wageni, na sijawahi kuivunja sheria hiyo mpaka juzi. Anwani yake iko ndani ya bahasha ndogo niliyoifunga kwa gundi. Sijaiandika hapa, ili usiisome bila kupenda. Ichome ukiona vema. Nikasirikie ukitaka, mwaka huu usinipigie simu ya mwaka mpya, nitaelewa.

Sikuombi umsamehe, hayo ni yako na sina tena haki ya kuyagusa. Nakuomba jambo dogo. Katika kifurushi kitakachofuata barua hii, chini ya figili, nimeweka kile kifuniko. Mama alikuwa amekificha ndani ya mtungi wa mwisho, nilikikuta nilipokuwa nikiufunika. Bado ni cheusi na kizima. Mwaka mpya ukifika weka bakuli moja zaidi, hata kwa hasira, hata usiseme ni la nani, ili mwongozaji aliyedanganya wageni thelathini na mmoja awe amesema kweli angalau mwaka huu.

Nisalimie shemeji na watoto, na uniangalizie goti hilo, usipande ngazi bila kushika ukuta. Majirani wote wa mtaa wa pamba wanakusalimu. Siku ukija nitakupeleka kwa Mama. Kwenye udongo mbele yake kuna alama mbili za magoti, na sijazifagia.

Supu, Dada, ichemshe sana.

Mdogo wako,
Fusae